Msomaji wa Chumba cha Pili

Ukiwa na degree ya akiolojia na huna kazi, jioni unaongea na nani? Rafiki yangu Sebastiani, hapa Karatu, anaongea na sarafu za Kirumi, za majimbo ya mashariki yaliyotumia Kigiriki, alizoachiwa na mtalii. Anazimulika kwa pembeni, anasoma herufi za Kigiriki kwa sauti, ajue zilitengenezwa mji gani.

Juzi umeme ukakatika, ukungu umejaa dirishani. Sarafu moja ilikuwa imesagika.

“Herufi hizi za mwisho sizioni,” akajisemea.

Sauti kutoka chumba cha pili ikamsomea, herufi moja moja. Umeme uliporudi akacheki kwenye kitabu chake cha sarafu: sahihi. Chumba kile hakina mpangaji, kina kufuli.

“Bro, at least nina mtu,” ananiambia. Kitanda ameshakisogeza kwenye ukuta wa chumba hicho.

Mama mwenye nyumba, unasema ni panya tu; panya gani anasoma Kigiriki? Njoo ufungue hicho chumba leo.