Kikohozi Kwenye Mashine

Jambo hili lilimpata rafiki yangu, mtu asiyejua kutia chumvi. Yeye hupiga picha za moyo kwa mashine, kwenye utafiti wa mishipa inayoziba. Sauti ya kuwaelekeza wagonjwa ilirekodiwa na kaka yake, fundi wa mashine hiyo: "Vuta pumzi. Ishike." Kisha kikohozi kidogo, na "Haya, pumua." Wagonjwa walikuwa wakikicheka kikohozi kile.

Kaka akafa ghafla kwa moyo, Mungu amrehemu. Sauti ikafutwa, maana rafiki yangu, dada mtu, alikuwa akilia kazini kila akiisikia.

Mchana mmoja alijilaza mwenyewe kwenye mashine, ajue kama ugonjwa ule anao. Usingizi ulikuwa umemhama wiki nzima. Mwenzake alipunguza taa, akafunga mlango mzito. Mashine ikaunguruma. Katika kiza kile akasikia, karibu kabisa na sikio: "Vuta pumzi. Ishike, mdogo wangu."

Akaishika. Muungurumo ukapita, ukanyamaza. Akangoja neno la kupumua, lisije, mpaka kifua kikamshinda.

"We kiboko!" mwenzake alisema akifungua mlango. "Spika imekufa tangu asubuhi. Nilikuwa nakuja kukuelekeza kwa mdomo, nikaona umeshaishika pumzi."

"Na mshipa?"

"Umeanza kuziba, palepale pa kaka yako. Lakini umewahi, mwenzangu. Utatibiwa."

Wakazima mashine, wakatoka. Hawajafika mwisho wa korido, ndani ya chumba kitupu kikasikika kikohozi kidogo.

"Haya," sauti ikasema, "pumua."