Rangi ya Kucha Chini ya Sahani

Tuktuk ilikuwa moja, mikono iliyoishika ilikuwa miwili, na jua la sokoni Malindi halikuwa na huruma kwa yeyote.

"Dada, nimeiwahi mimi."

"Umeiwahi wapi? Nimeiita kwa simu," alisema Sidi, leso yake ya manjano ikimteleza begani. "Tena kwa programu niliyoitunga mwenyewe."

Musembi, mtu wa bara mwenye duka la kompyuta Kilifi, shati lake limepigwa pasi mpaka kola, alisahau safari. "Nami naweza kuitumia?"

"Ni programu huria, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Itumie, ibadilishe, hata uiuze. Ila leseni ina masharti: jina langu libaki, na ukimpa mtu, mpe na msimbo pamoja na mabadiliko yako. Umesikia?"

"Nimesikia, malkia."

Hakusikia. Alikuwa akitazama vipuli masikioni mwa Sidi. Wanaume ndivyo walivyo: huitikia kwanza, wakaelewa baada ya hasara.

Mapenzi yakanoga. Kila Jumapili Musembi alikula kwa mama yake Sidi, naye mama alimfungia sahani ya wali wa nazi arudi nayo Kilifi. Posa ikapangwa Jumamosi.

Siku chache kabla, Sidi alikuwa kwenye hoteli moja Kilifi. Akafungua programu ya hoteli aite tuktuk. Ramani yake! Vitufe vyake! Hata kosa lake la zamani, picha ya tuktuk ikienda kinyumenyume! Chini pameandikwa: "Mtunzi ni Musembi. Haki zote zimehifadhiwa."

Akampigia Musembi simu pale pale.

"Laazizi wangu..."

"Laazizi wako nani? Umefuta jina langu!"

"Sidi, si ulisema ni bure?"

"Nilisema ina masharti! Ukiyavunja, ruhusa huna tena. Nikikupeleka mahakamani utajibu nini?"

"Hoteli ilitaka programu iwe yake peke yake. Nikaona, mimi na wewe tu kitu kimoja..."

"Kitu kimoja, ila jina ni lako!" Akashusha pumzi. "Sahani ya mama unayo? Igeuze. Unaona nini?"

"Alama ya rangi ya kucha, ile mama anayotilia vyombo vyake."

"Mbona hukuikwangua?"

"Kwa sababu ni ya mama," alisema Musembi.

"Basi. Wazee wako wabaki kwao."

Kesho yake Musembi alimkabili meneja wa hoteli. Meneja alifoka, akakubali msimbo uwekwe wazi, na kazi iliyofuata akampa mwingine.

Jumamosi Musembi alibisha hodi kwa mama yake Sidi, yuko peke yake, mkononi ana sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wazee wako wapi?"

"Wako stendi, mama. Wanangoja ruhusa."

Sidi alimnyang'anya simu bila salamu. Jina lake lilikuwa juu kabisa, leseni imerudi, na tuktuk sasa ilikwenda mbele.

"Umeirekebisha! Na marekebisho umeyaweka wazi?"

"Sahani ya watu hairudi tupu." Alifunua kitambaa, mahamri yalikuwa bado moto. "Sidi, leseni ya kukuoa ina masharti gani?"

Sidi alivua vipuli kwanza, akaviweka mezani.

"Sasa nisikilize. Ni yale yale: jina langu halifutwi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, waite wazee. Jua linawachoma."