Mlezi wa Mbithe

Ijumaa ile Kavata alipoinua sahani aliyofunikia bakuli, alikuta maziwa bado yamo.

Alisimama akiyatazama kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiweka maziwa ya ngamia kwenye bakuli lile, kila Ijumaa saa sita mchana, nyuma ya pazia la stoo, na kila alipofunua saa nane alilikuta kavu, limelambwa likang'aa. Leo lilikuwa limejaa pomoni. Tena alikuwa ameyaweka baridi. Sasa yalikuwa vuguvugu kama yamekamuliwa dakika ile, na juu yake utando ulipanda na kushuka taratibu, mfano wa kifua cha mtoto aliyelala.

Akafunika upesi. Nje Garissa ilikuwa kimya, kimya cha Ijumaa, wanaume wakiwa misikitini na jua limewafungia wengine ndani. Juu ya bati la nyumba yake kitu kilitembea hatua tatu, kikasimama.

"Mlezi," akanong'ona, "nimekosa nini?"

Lakini kosa alilijua.

Kavata alikuwa fundi cherehani, Mkamba kutoka kijiji cha Nguni, aliyekuja Garissa na mume dereva wa lori. Mume alikwishakufa zamani. Kabla hajafa walizika watoto watatu, mmoja baada ya mwingine, wote hawakufika siku arobaini. Mimba ya nne ilipomshika, Kavata hakumwambia mtu. Alipanda basi hadi Pwani kwa bwana mmoja, mganga aliyesifiwa kwa mambo hayo, akarudi na bakuli, ubani, na masharti. Kila Ijumaa maziwa. Asipige magoti kanisani. Na mtoto asibatizwe kamwe. "Huyu ninayekupa atamlea kama wake," yule bwana alisema. Jina la huyo mlinzi asiyeonekana hakupewa, akamwita Mlezi. Mtoto akazaliwa, akapita siku arobaini, akaota meno, akaitwa Mbithe. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi pale pale mjini.

Na wiki mbili zilizopita Mbithe alirudi nyumbani macho yakimng'aa, akamwambia mama yake kwamba ameokoka. Jumapili ya kesho kutwa angesimama mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Jumapili itakayofuata angebatizwa.

Jumapili ya kwanza Kavata hakwenda. Alijifanya kichwa kinamuuma.

Jumatatu mambo yakahamia kazini. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa soko, na jirani yake alikuwa Sahra, mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia kwenye madumu ya plastiki. Adhuhuri ilipofika Sahra alikwenda kuswali. Kavata akatoka kununua uzi. Aliporudi, hata kabla ya kufika mlangoni, alisikia cherehani yake ikishona. Taratibu, tik, tik, tik, jinsi mtu anavyoshona kitambaa chepesi asichotaka kukikunja. Akaingia mbio. Hakuna mtu. Kanyagio lilikuwa likimalizia kupanda na kushuka, na chini ya sindano palilala kigauni cha mtoto mchanga, kimekatwa kutoka kitambaa cha baati, gauni jepesi la Kisomali, la mteja. Hakikuzidi kiganja chake na vidole.

Alikijua kile kigauni. Mshono wa shingo ulikuwa wake mwenyewe, wa zamani, wa siku alipokuwa hajui kazi vizuri. Ndicho alichomvalisha mtoto wake wa kwanza wakati wa kumzika.

Jumanne kikaja cha pili. Jumatano cha tatu. Kavata alivificha chini ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni, akaendelea kupima watu mabega. Usiku na mchana alikuwa na harufu puani, ya maziwa yaliyoganda juu ya nguo na ubani uliolowa maji. Akiketi, alihisi mtu kasimama nyuma yake. Akigeuka, aliona ukuta.

Alhamisi hakutoka kibandani. Alikaa mbele ya cherehani na kuikodolea macho, na joto la mchana likamlemea akasinzia kwa muda wa kupepesa jicho tu. Aliyemwamsha ni Sahra, aliyekuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Kavata. Abaayo, dada yangu. Hii nani ameshona?"

Kitambaa cheupe kilikuwa kimeshuka kutoka mezani hadi sakafuni, kikaendelea hadi kwenye kizingiti. Kavata alikivuta, kikaja, kikazidi kuja.

"Ni shuka," alisema.

"Si shuka." Sahra hakuingia. Alikuwa akisoma dua chini kwa chini. "Mimi nimeosha maiti ya mama yangu na ya shangazi yangu. Haina shingo, haina mkono, imekatwa kwa kipimo ya mtu. Hii ni sanda. Ya nani?"

Kavata akajipima nayo kwa macho. Yeye alikuwa mfupi. Mbithe alikuwa mrefu kama baba yake.

Ndipo alipomwaga yote, mara ya kwanza maishani, kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta una masikio. Na pengine ulikuwa nayo. Sahra alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote nauzia wewe maziwa ya Ijumaa," akasema, "na chai yako unakunywa bila maziwa. Nilikuwa nauliza roho yangu, nani anakunywa? Pole, Kavata. Pole sana. Lakini sikia. Kwetu mtu akishikwa, tunaita sheikh, anasomewa Kurani. Mimi siwezi kukufundisha dini yako. Nauliza tu: wewe una Mungu. Kwa nini hujamwambia yeye, umeambia huyu?"

Kavata akaikunja ile sanda, akafunga kibanda.

Alipofika nyumbani jioni, jua likiwa bado juu ya mto, alimkuta Mbithe kitandani anawaka homa. Midomo imepasuka. Shingoni alikuwa na alama nne nyekundu upande mmoja na moja upande wa pili. Watoto wale watatu aliowazika walikuwa nazo vilevile.

Kavata akaanguka magotini kando ya kitanda. "Mwanangu, ahirisha ubatizo. Mwaka mmoja tu. Nakuomba kama mama yako."

"Ni kwa sababu ya yule mama?" Mbithe akauliza.

Kavata akainua kichwa. "Mama gani?"

"Anayesimama miguuni pa kitanda. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ina wake." Mbithe alizungumza polepole, macho amefumba. "Anahesabu pumzi zangu. Na kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa huniinamia, akanipima kwa shubiri, kichwa hadi mguu, akasema, 'Bado.'"

"Alikuwa akikulinda," Kavata akasema, akamweleza yote, tangu homa ya wale watatu hadi safari ya Pwani. "Wenzako walikufa. Wewe uliishi kwa sababu yake."

"Mama." Mbithe akafumbua macho. "Mtu anayemnenepesha mbuzi wa sikukuu, anamlinda pia. Fisi hamgusi. Hiyo homa ya wale watatu, unadhani ilitoka kwa nani? Nani alikuwa anataka uende Pwani?"

Juu ya bati kitu kikatembea, hatua nyingi safari hii, huku na huku, huku na huku, kama mtu anayetafuta tundu.

Usiku ule na ule uliofuata Kavata hakulala. Ijumaa hakuweka maziwa. Jumapili asubuhi, Mbithe akiwa hawezi kusimama, walimpakia kwenye tuktuk, Sahra akimshikilia upande mmoja. Sahra alishuka nao langoni mwa kanisa, akasema, "Mimi nangoja hapa," akaketi kivulini karibu na askari wawili waliokuwa wakipitisha kifaa chao cha kukagulia silaha kwenye mikoba na viuno vya waumini, kama kila Jumapili.

Mchungaji alikuwa mzee mfupi ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa mabomba. Aliwatazama, akasimamisha nyimbo.

"Mama," akamwambia Kavata, "unataka nini?"

"Nataka mtoto wangu aishi."

"Na wewe je? Wewe mwenyewe unataka nini?"

Swali hilo hakulitarajia. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza, wala hakujiuliza. Akatazama sakafu ya saruji, akaona jinsi ilivyo karibu, na jinsi ilivyo mbali, akakunja goti moja, na hapo hapo mkono baridi ukamshika kisogoni na pumzi yenye harufu ya maziwa yaliyoharibika ikamwingia sikioni ikisema, kwa sauti ya upole aliyoifahamu kuliko sauti ya marehemu mama yake, simama Kavata, simama mwanangu, nani alikaa nawe ulipokuwa mjane, nani alimbembeleza mtoto ulipokuwa umelala, simama, maana nikitoka sitoki mikono mitupu, nilipima nikakata nikashona, na nguo ikishashonwa lazima ivaliwe.

"Anasema nini?" mchungaji akauliza kwa sauti ya chini, akimwona amekaza sikio.

"Anasema akitoka atamchukua."

"Na wewe unamjibu nini? Mimi siwezi kukujibia."

Kavata akamtazama Mbithe, aliyelazwa kwenye benchi, kifua kikipanda kwa shida. Akakunja goti la pili.

"Mbithe si wako," alisema, na kila neno lilitoka kama mwiba unaong'olewa. "Wala si wangu. Ni wa aliyemuumba. Akimtaka, atamchukua Yeye. Wewe sikuhitaji tena. Bwana Yesu, nipokee. Nimechelewa, lakini nipokee."

Mkono uliokuwa kisogoni ukaachia, na juu ya paa la kanisa, mchana kweupe, mbele ya watu wazima zaidi ya mia, kukasikika miguu ikikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma ya miguu hiyo vilio vya watoto wachanga, kimoja, viwili, vitatu, vikapita juu ya vichwa vyao, vikatoka nje, mbuzi wa mtaa mzima wakalia kwa pamoja, halafu kila kitu kikanyamaza, na katika kimya hicho Kavata aliona kwamba kifua cha Mbithe hakipandi tena.

Hakipandi. Akahesabu tano. Akahesabu kumi. Na lile jina, Mlezi, likamjia lenyewe, likakaa juu ya ulimi tayari, kwa maana alijua kwamba akiliita tu, mara moja, kwa kunong'ona, mwenye jina angerudi mbio na mtoto angevuta pumzi, nao wangeishi kama walivyoishi, Ijumaa hadi Ijumaa, na hakuna ambaye angemlaumu mama. Kavata akauuma ulimi. Akauuma mpaka damu ikajaa kinywani, akabaki amepiga magoti, mikono wazi, bila neno.

Mbithe akakohoa.

"Maji," akasema. "Mama, nina kiu."

Akina mama wa kanisa waliangua vilio. Langoni Sahra alisikia, akamshika askari mkono bila kujua, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu.

Walibatizwa pamoja siku ileile iliyokuwa imepangwa, katika tangi la plastiki nyuma ya kanisa, kwa sababu mto una mamba. Kavata aliingia, akazamishwa, na chini ya maji hakushikwa na mkono wowote ila wa mchungaji. Alipotoka alilia kwa sauti, kilio kisicho na maneno, kama cha mtu anayeingia duniani. Hakuona haya.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo alistarehe. Nyumba ilikuwa kimya mno. Alizoea kuogopa, na woga ukiondoka huacha shimo. Mara nyingi adhuhuri alijikuta amesimama, amekaza masikio, anangoja hatua ambazo hazikuja. Mbithe alipopangiwa mazoezi ya miezi mitatu katika hospitali ya Bute, mbali kaskazini, Kavata alimfungia nguo. Zamani asingemruhusu kulala hata nyumba ya pili. Sasa alimwombea, akamwacha aende, akarudi kazini.

Mwezi mmoja baadaye alikuja kibandani mke wa mwalimu mmoja, mgeni mjini, mwembamba, macho yamezama. Alitaka nguo ya mimba ya miezi mitano. Kavata alimpima, wakazungumza. Mtoto wa kwanza alikufa. Wa pili pia. Wote hawakufika siku arobaini.

"Ila huyu ataishi," yule mwanamke akasema, akijipapasa tumbo. "Jana mchana, nikiwa nimekaa peke yangu, alipita mama mmoja mpole sana. Sikumwona vizuri usoni, jua lilikuwa kali. Alijua mambo yangu yote kabla sijamwambia. Kasema atanisaidia kumlea."

Mkanda wa kupimia ukamtoka Kavata mkononi. "Alikutajia jina?"

"Alisema nimwite tu Mlezi."

Pale mjini ni Sahra na watu wa kanisa tu waliojua habari zake. Mgeni huyu hakujua, na angeweza kuondoka bila kujua. Kulikuwa na aibu. Na kulikuwa na ile hofu ya zamani, imekaa mlangoni, inamtazama kama inayomfahamu.

Akavuta kiti, akakiweka karibu kabisa na cha kwake.

"Keti, mwanangu," alisema. "Nguo itangoja. Huyo mama namjua."