Nyumba Isiyo na Friji

Friji iliguruma usiku wa manane, ikatetemeka kidogo kama zinavyofanya friji zote zikishapoa, kisha ikanyamaza. Mama Chiriku akajigeuza upande wa pili, na usingizi ulikuwa umeshamfika kwenye kope alipokumbuka kwamba nyumba yao haikuwa na friji.

Akakaa kitandani. Chumba kilikuwa kilekile: ndoo za rangi za mume wake, ambaye alikuwa fundi rangi, zimepangwa nyuma ya mlango, nguo za mtoto kwenye kamba juu ya dirisha, na mume mwenyewe kalala chali, kinywa wazi. Joto lilikuwa la kumtoa mtu shuka. Akampapasa mwanawe aliyelala katikati yao, yule waliyempa jina la Chiriku kwa sababu tangu ajue kutoa sauti hakuwahi kufunga mdomo, akiamka ni ba-ba-ba na da-da-da mpaka alale tena. Kichwa kilikuwa na joto. Tumbo lilikuwa na joto. Nyayo zilikuwa baridi kama za kuku wa kwenye barafu.

Na kuku wa kwenye barafu Mama Chiriku aliwajua vizuri, ndio waliokuwa wanamlisha. Kiwandani kwao kuku waliletwa wameshachinjwa, wanawake wa meza ya kufungasha wakawaosha na kuwatia mifukoni, yeye akabandika karatasi ya tarehe, kisha wakasukumwa kwenye vyumba vya baridi. Meneja wao alikuwa bwana mpole, mwenye salamu kwa kila mtu, anayejipulizia manukato mpaka wakambandika jina la Marashi. Basi huyo Marashi alikuwa anazima mitambo ya chumba cha tatu usiku, mafuta ya jenereta anayauza. Asubuhi kuku wanakutwa wamelainika, wana utelezi, wananuka. Wanaloweshwa kwenye klorini mpaka harufu ikimbie, wanafungwa upya, na Mama Chiriku anabandika tarehe mpya. Lori linawapeleka shule ya bweni na hospitali. Alibandika, akabandika, mpaka aliposikia watoto wa ile shule wamelazwa kwa kuhara na kutapika, ndipo mkono ukamgomea. Mchana wa siku ile alijifungia chooni kiwandani, akampigia simu bwana afya, akamnong'oneza yote bila kutaja jina lake, akakata.

Hakumwambia mtu. Alijisikia mwepesi, yaani kama mtu aliyetua mtungi.

Asubuhi nyayo za Chiriku zilikuwa bado baridi. Mama mkwe, aliyeishi nao na ndiye aliyembeba mtoto mchana wazazi wakiwa kazini, akazisugua kwa mafuta, akazivalisha soksi, akasema ni upepo wa dirishani. Jioni ile friji iliguruma tena, na safari hii mume naye akaisikia. Akacheka. Akasema kumbe wamebarikiwa, kesho ataleta maji wayaweke yapoe, shida ni kujua mlango wake uko ukuta gani.

Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa amechoka kubeba jambo peke yake, basi akamsogelea mume wake sikioni, akamweleza habari ya Marashi na chumba cha tatu na ile simu ya chooni. Alipofika kwenye neno klorini harufu yenyewe ikaingia, si ya kukumbuka, ni ya kuchoma pua, na chini yake ile nyingine iliyokuwa inafichwa, ya nyama iliyoanza kwenda. Friji ikaguruma na haikunyamaza. Chiriku, aliyekuwa anapiga soga zake juu ya godoro, akakata katikati ya ba, akageuza shingo, akakodolea macho pembe ya chumba iliyokuwa tupu, akiangalia juu, juu sana, kama anayemtazama mtu mrefu aliyeinamisha kichwa ili asigonge dari. Na katika joto lile la kutoa jasho, pumzi ya mtoto ikatoka nyeupe.

Walipomvua soksi, baridi ilikuwa imepanda mpaka magotini.

Kwenye zahanati nesi alimpima homa kwapani, akasema joto la mtoto ni zuri kabisa. Mama Chiriku akamwomba ashike miguu. Nesi akaishika, akaiachia haraka, akajipangusa mikono kwenye koti lake, akawaambia wamvalishe soksi. Halafu akaita mgonjwa mwingine.

"Mwanangu," mama mkwe alisema walipotoka nje, "hii si ya hapa. Tusipotezeane muda."

Mtabibu wa majini aliyewapokea hakuwa mtu wa kutisha. Alivaa miwani, alikuwa na cherehani pembeni na suruali ya mteja iliyoshonwa nusu, akawakaribisha kwenye mkeka kama mtu anayepokea wageni wa mchana. Akampakata Chiriku, akambonyeza magoti, uso wake ukabadilika. Akawasha makaa, akatupia ubani, akasema yeye hatibu asichokijua, kwa hiyo mama wa mtoto aseme kila kitu, amefanya nini, lini, na nani, bila kuficha hata kidogo.

Naye akasema. Angefanyaje? Ukienda kwa mtabibu unaulizwa, na ukiulizwa unajibu. Alianza polepole halafu maneno yakamtoka kwa mkupuo, Marashi, mitambo, utelezi, watoto wa bweni, simu, na wakati anasema aliona moshi wa ubani, uliokuwa unapanda vizuri kuelekea darini, ukisita hewani kama umeitwa jina, ukageuka, ukaanza kushuka, ukatambaa juu ya mkeka, mweupe na mzito, vilevile unavyotambaa mvuke ukifungua mlango wa chumba cha baridi, ukapita juu ya miguu yao na ulikuwa wa kugandisha, na makaa yakawa bado mekundu lakini hayatoi joto, na mama mkwe aliyekuwa amekaa kando akiomba dua akanyamaza, akanyoosha mgongo, akakunja mikono mapajani kama karani, akasema kwa sauti isiyo yake, sauti ya taratibu, yenye adabu:

"Nani mwingine anajua?"

Mtabibu alimweka mtoto chini. "Wewe nani?"

"Mlinzi."

"Unalinda nini?"

"Neno."

"Mtoto huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Yeye ni mlango tu. Mama yake akifungua mdomo, mimi naingia hatua moja." Kichwa cha mama mkwe kikageuka taratibu kumwelekea mtabibu. "Sasa na wewe unajua."

Kisha bibi wa watu akaanguka ubavu, na alipoinuka aliuliza kwa nini mnaniangalia hivyo.

Baridi ilikuwa imepita kiuno cha Chiriku. Vidole vyake vilikuwa na weupe kwenye kucha. Hakulia, na hilo ndilo lililomkata mama yake maini, maana mtoto yule alilia hata kwa kunyimwa kijiko.

Mtabibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ningejua, mama, nisingekuuliza," alisema. "Wengine hutumwa kwa mtu, unamwita, mnapatana, anatoka. Huyu hakutumwa kwako. Amewekewa siri ailinde. Mimi siwezi kumtoa bila kuuliza, wewe huwezi kujibu bila kusema, na kila ukisema anapanda. Mbebe mwanao muende. Mtafute aliyemweka." Pesa alikataa. Wakiwa bado hawajavaa viatu walisikia anafunga mlango kwa komeo la ndani.

Kesho yake Mama Chiriku aliingia ofisini kwa Marashi bila kubisha hodi. Alikuwa amepanga kumshika shati. Alimkuta amevaa sweta ndani ya koti, mikono ameibana kwapani, na ofisi imejaa manukato ya kuumiza kichwa, na chini ya manukato ile harufu. Hakushtuka kumwona. Akamwonyesha kiti.

"Imefika wapi?" akauliza, kama mtu anayeuliza habari za safari.

Mama Chiriku akakaa. "Kifuani, bosi."

Marashi akatikisa kichwa polepole. Juu ya meza palikuwa na fremu ya picha iliyolazwa kifudifudi, akaisogeza kidogo kwa kidole, hakuiinua. Alieleza bila kumtazama usoni kwamba wakati anaanza zile biashara zake aliogopa midomo ya watu, akaenda kwa mtu mmoja wa mbali, akaomba kitu kimoja tu, jambo lisitoke. Akapewa alichoomba. Mke wake mwenyewe alikuja kumwambia dada yake, siku moja wakisukana nywele, na baridi ikaanzia nyayo za mtoto wao.

"Niliomba siri," Marashi alisema. "Sikuuliza italindwa vipi."

"Mtoe basi. Ni wa kwako."

"Yule niliyemwendea alishakufa. Ungekuwa unanisikia usiku nikimbembeleza jini mwenyewe, ungenihurumia." Akajikunyata ndani ya sweta. "Bwana afya anakuja leo, mama. Hana ushahidi ila sauti ya mwanamke kwenye simu. Atauliza meza nzima. Mimi sikutishi, wala sikukatazi. Jibu utakavyoona."

Alitamani amchukie. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia kabla hajaona jinsi meno yake yanavyogongana.

Bwana afya alifika akiwa na buti za mpira na koti jeupe lililomzidi ukubwa, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizunguka vyumba vyote. Vilikuwa vimesafishwa, vinaguruma, kila kuku amekauka na tarehe yake. Akasimama mbele ya meza ya kufungasha, wanawake wote wamejipanga na aproni zao, akawaambia kwa upole kwamba kuna mtu alimpigia, kwamba watoto wanne wa bweni bado wana dripu, mmoja figo zimeanza kugoma, na kwamba akipata mtu mmoja tu wa kumwonyesha wale kuku wengine wamefichwa wapi, leo hiihii atapiga kufuli mahali hapa. Mtu mmoja tu, akarudia, na macho yake yakapita uso kwa uso.

Mama Chiriku alijua walipo. Alikuwa amewaona asubuhi ileile, wamefunikwa turubai nyuma ya tangi la maji, hatua chache kutoka pale alipokuwa amesimama yule mzee wa watu. Angeweza hata kuonyesha kwa kidevu. Akafikiri kwamba kuonyesha si kusema, na wazo hilo halijamalizika kichwani akasikia ndani ya mfuko wa aproni simu yake inatetemeka, akachungulia, ni mama mkwe, na akajua bila kupokea, akajua kama anavyojua jina lake, kwamba baridi imegusa shingo, kwamba inangoja pale chini ya kidevu cha mwanawe imsikilize mama ataamua nini. Mkono wa mtu ukamshika kifundo cha mkono. Alikuwa Dada Mkubwa, mfungashaji wa zamani kuliko wote, mwenye kutania kila mtu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitaja wanawe. Vidole vyake vilikuwa vya barafu, na haikuwa barafu ya kazini. Mama Chiriku akatazama ule mstari, akaona kwa mara ya kwanza ni wangapi waliovaa soksi nzito, ni wangapi wanaotazama sakafu, na akaelewa kwamba hakuwa wa kwanza kujifungia chooni na simu.

Bwana afya alisimama mbele yake. "Hebu nisalimie, binti."

"Shikamoo, baba."

Mzee akamsogelea. "Sauti yako naijua."

"Watu tunafanana sauti," alisema. "Mimi nabandika karatasi tu. Sijui kitu."

Yule mzee hakubisha. Akavua glovu zake kidole kwa kidole, akawaaga, akaondoka zake na buti zinapiga kelele sakafuni. Jua halijageuka, turubai likafunuliwa, klorini ikamiminwa, na mikono ya Mama Chiriku ikabandika tarehe mpya. Lori la shule lilipiga honi, geti likafunguliwa.

Nyumbani alimsikia Chiriku kabla hajafika mlangoni. Ba-ba-ba, da-da-da, anapiga sufuria kwa kijiko. Akamnyakua, akampapasa shingo, kifua, magoti, nyayo, kila mahali joto, joto zuri la mtoto aliyecheza, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Mama mkwe alilia kwa furaha, akasema amepona ghafla mchana, akauliza umefanya nini, mwanangu, umempata wapi mtaalamu. Mume naye aliporudi akauliza, rangi bado mikononi, na mtu wa afya je, amekuja, amesemaje. Mama Chiriku akawaambia wale, chakula kinapoa.

Usiku alilala macho. Alikuwa anawaza dripu, anawaza mtoto wa mtu ambaye figo zake zinagoma, mama yake amekaa pembeni ya kitanda gani, na kama naye amempapasa mwanawe hivi. Chiriku alijigeuza usingizini, shuka likamtoka. Kabla mama yake hajanyoosha mkono, shuka likainuka lenyewe, taratibu, likavutwa juu mpaka begani, pindo likakunjwa na kubanwa vizuri chini ya kidevu cha mtoto, kwa uangalifu, kama afanyavyo mtu anayempenda.

Yeye akabaki amekodoa macho, machozi yanamshukia masikioni, hathubutu hata kuyafuta. Mume alikuwa pale pale, angeweza kumgusa kwa kiwiko.

"Sitamwambia mtu mwingine," akanong'ona gizani. "Hata mmoja. Naahidi."