Kasha Lililotimia

Siku kasha lile lilipoingia nyumbani, kulinukia udi ambao hakuna aliyeufukiza. Phoebe alifungua dirisha, akawalaumu majirani, akaendelea kukaanga vitunguu. Mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni, watu wamebanana. Harufu ya mwenzako ni yako pia.

Lilikuwa kasha jingine la CD za vibao vya Waingereza, vile vilivyotamba babu zao wakiwa vijana. Ronny, mumewe, alikuwa na ugonjwa wa makasha hayo. Yalijaa kabatini, yakahamia chini ya kitanda, yakafika jikoni karibu na unga. Wenzake walikusanya mabati ya kujengea kwao. Yeye alikusanya nyimbo za watu wasiomjua. Hili alilipata Umm Salal, kwenye jumba lililohamwa. Mlinzi alimpa bure, akamsihi asirudi kumshukuru.

CD moja ilikosekana. Pengo hilo lilimnyima Ronny raha kabisa. Kila magharibi alijikalisha mbele ya kasha akisema kwa sauti kwamba yeyote aliye nayo amletee, naye atampa chochote atakachotaka.

"Baba Chelsea, usiseme hivyo saa hizi," Phoebe alimnong'oneza. "Unamwahidi nani?"

"Si naongea tu na hewa. Wacha ushamba."

Kumbe hewa ilikuwa na masikio. Kwanza kasha lilianza kuguna, redio ikiwa imechomolewa umeme. Kisha mguno ukawa wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa ule ambao Phoebe alimwimbia binti yao Chelsea kwa simu kila alasiri akitoka kazini kliniki, mtoto akiwa kwa nyanyake Kakamega, wimbo wa kubembelezea ambao Phoebe hakuwahi kuuimba mbele ya mtu mwingine, na sasa ulitoka chini ya kifuniko cha karatasi polepole, kwa makosa, kama mtu anayejifunza, ukirudia pale ulipokosea mpaka ukapatia, huku ile harufu ya udi ikizidi kukaba na vyumba vikipoa ingawa nje jua lilikuwa linachoma lami.

Phoebe alikimbia kumwita Ronny. Alifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu.

Madaktari hawakuona kitu. Ronny naye aliona: pengo lilikuwa limejaa. Ilikuwemo CD nyeupe isiyo na maandishi. Alipoicheza, vilitoka vibao vyote vilivyokosekana, na kila kimoja kiliimbwa na sauti ya Phoebe.

Loice, muuguzi mwenzake Phoebe, ndiye aliyemleta Maalim Shee kutoka Al Wakrah, dereva wa familia moja huko na msomaji wa visomo vya kutoa majini. Alisoma mpaka kasha likatokwa na jasho. Kisha akamgeukia Ronny.

"Uliomba, ukaletewa. Uliahidi, akachukua," alisema taratibu. "Ivunje CD hiyo kwa mkono wako, mkeo ataongea. Usipoivunja, huyu hatoki."

Ronny aliingia chumbani kuifuata, akakawia. Phoebe alikuwa amefumba macho akimwomba Mungu wake aliposikia plastiki ikikatika. Maalim alivifunga vipande kwenye leso bila kuvitazama, akaenda kuvitupa baharini. Phoebe alimshika mume wake mkono, akambusu. Akangoja sauti yake.

Alingoja mpaka kliniki wakamwambia apumzike nyumbani, maana wagonjwa hawawezi kuhudumiwa kwa ishara. Siku hiyo alirudi mapema. Alipofika mlangoni alisikia sauti yake mwenyewe ikiimba ndani ya nyumba.

Ronny alikuwa sakafuni, kasha mapajani, machozi yakimtoka, na yalikuwa machozi ya furaha. Hakushtuka alipomwona, wala hakuizima redio.

"Nilivunja nyingine," alisema. "Nisamehe, Mama Chelsea. Lakini limetimia. Hakuna mtu duniani analo zima kama hili."

Phoebe alimchukia, chuki safi isiyo na kona. Aliiendea redio. Kitufe kilikuwa baridi, na alipokibonyeza sauti ilipanda. Alichomoa waya, nao wimbo ukaendelea, ukacheka kidogo katikati ya kiitikio, kicheko chake mwenyewe cha zamani.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Chelsea. Phoebe aliiweka sikioni, maana kumsikia, hata asipoweza kumjibu, alishindwa kujinyima.

"Mama, nakusikia unaimba," mtoto alisema. "Mbona hunijibu?"