Zamu ya Khisa

Bunduki ya kuchezea haitoi jasho. Chuma chaweza kushika umande asubuhi, hilo hakuna anayebisha, lakini si saa nane mchana, ndani ya duka kavu mjini Kitale, jua la nje likikausha hata mate ya mbwa. Fridah aliyaona matone kabla ya mtu mwingine yeyote. Yalikuwa yamejipanga kwenye mtutu wa bunduki ya mwisho mezani, na zile nyingine zilizolazwa kando yake zilikuwa kavu kama magunzi.

Mgongoni alibeba mwanawe mchanga, wa kiume, ambaye bado hajapewa jina, na yeye alikuwa amekuja Kitale kununua kitambaa cha kaki cha kushonea sare. Kuchagua bunduki ilikuwa kazi ya mumewe.

Mumewe, Wanjala, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Bungoma, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha kuigiza vita vya zamani. Kila Novemba, watu walipowakumbuka askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopigana Burma, yeye na wenzake walivaa kaki, wakaingia uwanjani na kuvipigana vile vita upya. Miaka yote walibeba mbao za kuchonga. Mwaka huu Wanjala alizikataa mbao. Alitaka bunduki za mfano, zile za kurusha gololi ndogo za plastiki, zinazofanana na za kweli hadi kwenye skrubu. Polisi walikuwa wamempa ruhusa, mradi ncha zote zipakwe rangi nyekundu.

Thuo, mwenye duka, alikuwa amezipata kutoka Uingereza. Zilitumwa na mjukuu wa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba Endebess zamani, afisa wa Keya wakati wa vita.

"Chukua hii, fundi," Thuo akasema, akiinua Tomsoni yenye kitako cha mbao kinachong'aa. "Ukishika hii, hata kuku watakimbia."

"Hiyo ni ya majambazi wa sinema."

"Na hii ya Mjerumani? Si uone vile kitako kinakunjika!"

"Wewe Thuo, unataka nimpe askari wa Keya bunduki ya adui? Watu waje kuona ukweli, mimi niwauzie uongo?" Wanjala hakuwa mtu wa kuzungushwa. "Wazee wetu Burma walishika Steni. Mbaya hivyo hivyo, kama pampu ya baiskeli, magazini imetokea ubavuni. Nipe Steni."

"Haki ya nani! Mtu anakataa nyama, anataka mfupa."

Wanjala alizishika Steni moja moja, akazipima mkononi, akaguna. Nyepesi. Hii nyepesi. Hata hii. Kisha akaishika ile ya mwisho, na mkono wake ukashuka kidogo.

"Hii sasa," akasema polepole. "Hii ina uzito wake."

"Hiyo si ya kuuza," akasema mke wa Thuo, Wacera, kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mama mpole, lakini sasa alisema kwa mkato. "Hatukuagiza hiyo. Tuliikuta chini kabisa ya sanduku, imefungwa kwa blanketi ya jeshi. Na kila nikiipanguza, inaloa tena. Mimi siipendi."

"Mama, kutu ni ugonjwa wangu. Nitaitibu."

Akavuta komeo la ile bunduki. *Klak.*

Mtoto alikuwa amelia njiani tangu Kiminini, kilio kile cha kukereza masikio. Aliposikia ule mlio, alinyamaza kana kwamba amezibwa mdomo. Ndipo Fridah akainusa ile harufu. Tope la mtoni, majani yaliyooza, na chini yake kitu chenye utamu mbaya, kama kidonda kilichofungwa bendeji muda mrefu bila kufunguliwa.

"Baba," akanong'ona, "tuchukue ile nyepesi."

"Fridah, wewe ni wa sindano. Niachie vyuma."

Haya. Waliondoka nayo.

Sasa, kwao Wabukusu, jina la marehemu haliitwi ovyo. Huitwa tu pale mtoto mchanga anapolia bila kubembelezeka: watu wazima hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na pale mtoto anaponyamaza, hapo jina limemkubali. Wanjala alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alitaka ukweli, na ukweli ukimpanda mtu kichwani huwa kama chang'aa. Katika mazoezi nyuma ya kanisa, kila mwigizaji alipewa jina la askari, na yeye akajitwalia la Khisa, ndugu mkubwa wa baba yake, aliyekwenda Burma asirudi.

"Khisa!" kiongozi wa gwaride akaita.

"Niko, bwana!" Wanjala akaitikia, Steni kifuani, kifua mbele.

Fridah alikuwa kando akirekebisha pindo la suruali ya mtu. Alisikia sauti mbili. Moja ya mumewe. Nyingine ilikuwa nyuma ya mumewe, ya chini, ya mtu aliyepigwa na baridi, na iliitikia vilevile, ikachelewa kidogo tu.

Mvua ikaanza siku hiyo hiyo.

Wanjala aliipaka Steni rangi nyekundu nchani, akaitundika sebuleni. Asubuhi rangi yote ilikuwa imeteremka sakafuni, nzima, kama ngozi ya nyoka. Akaipaka tena. Ikabanduka tena. Akatukana kiwanda cha rangi.

Fridah alipofungua mlango kumwaga maji ya kuoshea nepi, aliona kitu kingine. Kando ya kizingiti, penye matope, palikuwa na alama za viatu viwili vizito, pamoja, visigino vikigusa ukuta. Hakukuwa na nyayo za kuja wala za kwenda. Mtu alikuwa amesimama pale usiku kucha, uso ukitazama barabarani, kama anayelinda.

"Ni wewe ulisimama hapa nje?"

"Nisimame kwenye mvua kutafuta nini? Umeanza kuongea kama Wacera."

Mtoto naye akawa ni wa kulia tu. Alilia hadi kitovu kikavimba, akakataa titi, akakataa mgongo. Kitu kimoja tu kilimnyamazisha. Sebuleni, pasipo na mtu, komeo lingevutwa, *klak*, naye angenyamaza papo hapo, macho yake yakigeukia mlangoni. Aibu iliyoje kusema, lakini mara ya kwanza na ya pili Fridah alishukuru. Mama ambaye hajalala hushukuru hata shetani. Alifikiri Wanjala anachezea bunduki yake.

Kisha ikaja ile alasiri aliyojua kwa hakika kwamba Wanjala yuko Webuye anachomelea geti la watu. Wingu lilikuwa limeifunika Bungoma hadi kuku wakapanda kulala kabla ya saa kumi, stima ikapotea, mvua ikaangukia mabati kwa kishindo, na Fridah, akiwa amemkumbatia mtoto kitandani, akasikia komeo likivutwa sebuleni, kisha viatu vikitembea juu ya saruji, taratibu, vikifyonza maji kila hatua, vikapita mezani, vikapita cherehani yake iliyotoa mlio mdogo kama iliyopigwa kikumbo, vikafika kwenye pazia la chumba cha kulala na kusimama hapo, na ile harufu ya tope na bendeji ikaingia chini ya pazia kabla ya mwenyewe, naye hakuweza kupiga kelele kwa sababu mtoto, ambaye hata shingo yake haijakaza, alikuwa ameinua kichwa na kutazama pale bila kupepesa.

"Simama," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Nani?"

Fridah akafumba macho, akaanza Baba Yetu, akayasahau maneno katikati.

Alipopata nguvu ya kukimbilia kwa jirani, alipita kizingitini na kutazama chini bila kutaka. Alama za viatu zilikuwa palepale, zimejaa maji ya mvua. Zilikuwa zimegeuka. Vidole vilielekea ndani.

Wanjala aliporudi jioni alimkuta mkewe bado yuko kwa jirani, mtoto amekuwa baridi kama samaki, na shuka la mtoto likinuka tope la mtoni. Akalinusa mwenyewe. Hakubisha tena. Alipiga simu kwao, karibu na Chwele, na kesho yake asubuhi shangazi yake Nekoye, senge kwa Kibukusu, alishuka kwenye bodaboda, kikongwe mwembamba, leso mbili kichwani. Alikataa kuketi. Aliitazama Steni ukutani, akatazama mtoto, kisha akampiga Wanjala kofi la shavu.

"Nani alikupa ruhusa ya kuitikia jina la kaka yangu?"

"Senge, ni mchezo tu..."

"Mchezo! Wewe na masharubu yako!" Akashusha sauti, kana kwamba ukuta unasikiliza. "Khisa hakupigwa risasi. Mwenzake aliyerudi alituambia. Walimweka lindo kwenye kivuko cha mto, mvua ikinyesha, na huyo afisa wake wa Endebess akamwambia asimame hapo mpaka apokelewe. Usiku kikosi kikahama. Wakamsahau. Unasikia? Wakamsahau kama sufuria. Sisi hatukuwa na maiti. Tulikata mgomba, tukauzika mahali pake, tukamwambia, Khisa, huu ndio mwili wako, lala. Tulimdanganya kwa upendo. Majina yote ya ukoo tuliwapa watoto, isipokuwa lake. Kila mtoto tuliyemjaribia jina la Khisa alizidi kulia."

"Sasa anataka nini?" Fridah akauliza.

"Askari anataka nini? Anataka zamu yake ipokelewe. Amesikia mtu akiitikia jina lake, na bunduki kama yake mkononi, iliyotoka kwa afisa yule yule, akafuata. Na hapa amekuta nini? Kiumbe kisicho na jina. Kwake hicho ni kituo kitupu." Akamvuta mtoto karibu. "Tumpe jina sasa hivi. Leo. Mlango umekaa wazi vya kutosha."

Wakafunga milango mchana kweupe. Nekoye akamlaza mtoto mapajani akaanza kuita, taratibu, waliotangulia wa ukoo. Mtoto akalia. Akaita jina jingine, mtoto akapinda mgongo. Akaita la baba yake Wanjala, la babu yake, la baba yake Fridah aliyeitwa Makokha, na kila jina lilikuwa kama maji ya moto juu ya yule mtoto, midomo yake ikageuka rangi ya zambarau, na nje, ingawa jua lilikuwa linawaka, wakasikia mvua ikinyesha mahali pamoja tu, pale kizingitini, na viatu vikianza kuingia kupitia mlango ambao komeo lake lilikuwa limefungwa na halikufunguka, vikipita katikati yao, maji yakitiririka sakafuni hadi kwenye vidole vya Fridah, maji baridi ambayo hayakutoka Bungoma.

Kisha mtoto akanyamaza. Hakuna aliyekuwa ametaja jina.

"Usimwache anyamaze!" Nekoye akapiga kelele. "Mfinye! Mfinye mtoto alie!"

Fridah alimfinya. Alimfinya hadi kucha zikazama, naye hakulia. Kifua chake kidogo kilikuwa kimetulia. Kilitulia kabisa.

Wanjala alitazama kile kifua. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, wa kusema kitu kilivyo na kulipa anachodaiwa, na Fridah aliona usoni mwake kwamba ameelewa deni ni la nani. Akaitwaa Steni ukutani. Akasimama wima katikati ya yale maji, visigino pamoja, akamtazama mtu ambaye Fridah hakumwona.

"Wanjala, hapana," Fridah akanong'ona. "Baba, hapana, tafadhali."

"Mimi ndiye niliitikia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayejibu mteja. Kisha akapaza: "Khisa! Nimekuja kukupokea. Zamu yako imekwisha. Nenda nyumbani, mzee."

Halafu pumzi, ndefu, ya mtu anayetua mzigo. Ikatoka mlangoni. Maji sakafuni yakakauka mbele ya macho yao, na Steni mikononi mwa Wanjala ikawa kavu, nyepesi, kipande cha plastiki cha kawaida.

"Makokha," Nekoye akaita.

Mtoto akavuta hewa, akapiga chafya, akatafuta titi. Alinyonya kwa pupa hadi maziwa yakamtoka puani, na senge Nekoye akacheka na kulia kwa pamoja, akaimba wimbo wa kumpokea.

Makokha sasa ananenepa. Halii ovyo, analala vizuri, na majirani humwambia Fridah ana bahati. Bunduki Fridah aliitupa motoni mwenyewe, ikayeyuka. Kikundi kiliigiza vita vyake Novemba kwa mbao, bila Wanjala. Alisema hawezi kuondoka mahali alipo.

Si mgonjwa. Anakula akiletewa. Lakini karakana yake imefungwa, na shati lake halikauki hata lianikwe vipi, na mchana kutwa, jua liwake au lisiwake, anasimama kizingitini, visigino ukutani, mikono imeshika kitu kisichoonekana mbele ya kifua.

Juzi Fridah alirudi kutoka sokoni saa sita, mtoto mgongoni, kikapu cha sukumawiki mkononi. Alipokaribia mlango, mumewe alimtazama kwa macho ya mtu anayetazama ng'ambo ya mto.

"Simama," akasema. "Nani?"

"Wanjala, ni mimi. Ni Fridah. Mama Makokha."

Macho yale hayakusogea. Akavuta komeo ambalo halikuwepo, na Fridah akalisikia. Mgongoni mtoto akatulia.

Akakumbuka neno ambalo waigizaji walilitumia kumjibu mlinzi kwenye mazoezi.

"Rafiki," akasema.

Mumewe akasogea kando, kwa heshima kubwa, akampisha aingie nyumbani mwake.

"Pita, rafiki. Ukimwona mwenzangu huko ndani, mwambie nangoja kupokelewa."