Vema Tano za Urbano

Ilianza na harufu ya asali, tena mahali pasipoliwa kitu.

Felista alikuwa nesi pale Itigi, kwenye kliniki ya methadoni, ile dawa ya maji wanayopewa vijana walionaswa na heroini. Mgonjwa anakunywa mbele ya nesi, kisha anataja jina lake kwa sauti, ijulikane amemeza, hakuificha mdomoni. Ndipo nesi anamwekea alama ya vema daftarini.

Sasa Urbano, mmoja wa wagonjwa wake, alikwenda Rungwa kurina asali, siku tano. Felista akamhurumia, asije akafutwa kwenye dawa, akamwekea vema zote tano. Aliporudi akampa kipimo kilekile cha zamani, na mwili ulishakisahau. Urbano akalala, hakuamka. Msibani mama yake, Elizabeti, akamletea Felista dumu la asali ileile, akamshukuru kwa kumtunza mwanawe.

Ikatoka taarifa: timu ya kuchunguza vifo inakuja kusoma madaftari.

Felista akalifungua lake. Likanuka asali na moshi wa mzinga. Vema zile tano zilikuwa mbichi. Akajaribu kuzifuta, wino ukamnata vidoleni, zenyewe zikabaki. Mchana wagonjwa walipokwisha, akasikia mtu akimeza nyuma yake, kisha taratibu: "Urbano Mughwai." Kugeuka, hakuna mtu.

Akamkimbilia mlinzi, Mzee Chediel, aliyewahi kupunga majini kwao Manyoni.

"Shikamoo mzee. Unasikia?"

"Marahaba. Nasikia tangu msiba. Huyo hatoki kwa ubani, mwanangu. Umemwita siku tano hayupo. Sasa ameitika."

"Nifanyeje?"

"Sema hakuwepo."

Lakini angesemaje, mbele ya mama yule? Siku ya timu Elizabeti alikaa kwenye benchi, kanga mpya begani, na Felista alikuwa ameshaupanga uongo wake vizuri tangu nyumbani, kwamba Urbano alikuja siku zote, ila kila hatua aliyopiga kuelekea mezani ile harufu ilimfuata, ikampanda kifuani, ikajaa kooni, nzito, tamu, hata mwenyekiti Bonifasi alipomwambia ataje jina lake liandikwe, ikabidi kwanza ameze.

"Urbano Mughwai," ikasema sauti ya kiume kinywani mwake.

Kalamu zikasimama. Felista akapiga magoti. "Hakuja," akasema, sasa kwa sauti yake. "Siku zote tano hakuja. Niliandika mimi."

Elizabeti akainuka kwenye benchi.

"Na mimi nikakuletea asali."

Harufu ilitoweka siku hiyohiyo. Ila mpaka leo, ukimuuliza Felista jina lake, kwanza anameza.